Kilwa, Mwisho wa Upepo

Mwaka 1331 Ibn Battuta, mwenyeji wa Tangier, aliteremka na pwani ya Afrika Mashariki akitokea Aden. Alipita Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akafika Kilwa. Huko mfanyabiashara mmoja akamweleza kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi kutoka hapo, na kwamba dhahabu hupitia huko. Ibn Battuta alikuwa amekwisha kukata jangwa mara kadhaa, na miaka michache baadaye angekuwa kadhi Delhi na visiwani Maldivi. Sofala hakwenda. Alipanda chombo kilichompeleka kaskazini hadi Dhofar.

Katika simulizi ya safari yake hakuna sababu iliyotajwa, lakini nahodha yeyote wa zama hizo angeweza kuitaja.

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba na kuvisukuma vyombo kutoka Uarabuni na Ghuba kuja Uswahilini. Ikifika Machi huwa imechoka, kisha kusi huingia na kuvirudisha makwao. Mpaka hapo hesabu ni rahisi. Taabu ni kwamba kadiri chombo kinavyokwenda kusini ndivyo kaskazi inavyopungua nguvu, na ng'ambo ya Rasi Delgado haitegemeki tena. Kurudi nako kuna mlango unaofungwa: Juni na Julai kusi huichafua Bahari ya Arabu kiasi cha kutisha, kwa hiyo chombo ambacho hakijaondoka Aprili au Mei hukaa bandarini hadi Agosti au zaidi. Muda wote huo mabaharia wanakula, mbao zinaliwa na wadudu wa baharini, na mtaji wa tajiri umelala ghalani.

Kilwa palikuwa ukingo wa hesabu hiyo. Chombo kilichowahi kuondoka Uarabuni kingeweza kufika, kuuza, kununua na kurudi katika msimu mmoja. Sofala ilikuwa zaidi ya kilomita 1,200 mbele. Aliyeifuata alijua huenda akamaliza mwaka mwingine mzima ugenini, na wengi waliona haiwalipi. Utajiri wa Kilwa ulijengwa juu ya uamuzi huo wa wageni wa kuishia hapo.

Safari iliyobaki waliifanya wenyeji, kwa vyombo vyao na kwa wakati wao, kwa kuwa wao hawakuwa na pa kuharakia kurudi. Mwanahistoria wa Kireno João de Barros, aliyeandika katika karne ya 16, anasimulia kwamba mvuvi mmoja wa Kilwa alinasa samaki mkubwa aliyemburuta baharini, mikondo ikamchukua hadi Sofala, na huko akawakuta watu wa Mogadishu wakinunua dhahabu. Akarudi na habari, na sultani akaiwania biashara ile. Huyo samaki ana harufu ya hadithi za barazani. Sarafu ya shaba iliyopatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, bara nyuma ya Sofala, haina harufu hiyo: imeandikwa jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani yuleyule aliyempokea Ibn Battuta.

Ni sultani huyo anayehusishwa na Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Neville Chittick, aliyelichimbua miaka ya 1960, aliuona upande wake mmoja kuwa wa biashara, wenye ua uliozungukwa na vyumba vya kuwekea bidhaa. Ramani hiyo ina mantiki. Mji unaoishi kwa kuunganisha misimu miwili unahitaji kwanza mahali pa kuhifadhia dhahabu, pembe na vitambaa vinavyongoja upepo.

Wareno waliivuruga hesabu kwa kutokea upande usiotarajiwa. Meli zao zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwa hiyo kwao Sofala haikuwa mchepuko. Ilikuwa njiani, tena kabla ya Kilwa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji wa Kilwa na kuupora, na mwaka uleule Wareno wakajenga ngome Sofala. Ngome yao ya Kilwa waliihama mwaka 1512. Kwa mtu anayetokea kusini, bandari iliyo mwisho wa upepo wa kaskazini haina thamani ya pekee.

Hata hivyo majahazi ya Ghuba hayakuacha kupima mbali na karibu. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi lilipoipita Unguja na kuingia delta ya Rufiji kufuata boriti. Walifanya kazi ya matope, mbu na jua kali. Ila Kuwait haina msitu, na nyumba zake zilihitaji miti ya kuezekea, kwa hiyo mchepuko wa Rufiji ulilipa. Isitoshe, Rufiji iko kaskazini mwa Kilwa, bado ndani ya mipaka ya kaskazi.

Leo Kilwa yenyewe ndiyo mchepuko. Mgeni mwenye siku nne Dar es Salaam hupanda boti ya Unguja, chini kidogo au zaidi kidogo ya saa mbili, na hapati lawama. Kilwa Masoko iko kama kilomita 300 kusini. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na Mei 2024 mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara eneo la Somanga. Kwa siku nne safari hiyo inafaa, mradi mbili ziwe za barabara na mbili za Kilwa. Mwenye asubuhi moja tu atavuka hadi Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, aone Msikiti Mkuu na kugeuza. Husuni Kubwa iko kando, juu ya genge linalotazama bahari, mbali na magofu mengine, naye itambidi apime kama inafaa kuifuata.