Uhuru wa mtu na mipaka ya serikali: tunachojifunza Mokambo

Serikali ina haki ya kumwamuru mtu hadi wapi? Swali hili halikai chuoni tu. Linaulizwa kila siku na mama mwenye gunia la unga, na dereva wa lori, na kijana anayebeba mizigo ya watu kwa baiskeli kwenye mpaka. Hapa tunaeleza mawazo ya wale wanaoitwa walibertari, kisha tunayapima kwa mambo ya Mokambo.

Wazo lenyewe

Walibertari wanasema kwamba kila mtu ni mwenye mwili wake, kazi yake na mali aliyoipata kwa njia halali. Hakuna anayeruhusiwa kumlazimisha kwa nguvu, isipokuwa kumzuia asidhuru wengine. Serikali nayo haina ruhusa zaidi.

Mizizi ya wazo hili ni ya zamani. Mwingereza John Locke, mwaka 1689, aliandika kwamba serikali huwekwa kwa ridhaa ya watu ili ilinde uhai, uhuru na mali yao. Friedrich Hayek, mzaliwa wa Austria, alionya mwaka 1944 kwamba serikali inayopanga uchumi wote mwishowe hupanga maisha yote ya watu. Mmarekani Robert Nozick, mwaka 1974, alitetea serikali ndogo: ilinde watu na wizi, udanganyifu na shambulio, isimamie mapatano, basi. Mwenzake Murray Rothbard alikwenda mbali zaidi, akasema serikali yenyewe haifai kuwapo.

Afrika nayo ina sauti yake. George Ayittey wa Ghana (1945–2022) alifundisha kwamba soko huru halikuletwa na wageni. Kabla ya ukoloni masoko yetu yalikuwa na wanawake wachuuzi na bei za kupatana, wala chifu hakuwapangia watu cha kuuza. Kwake, serikali nyingi za baada ya uhuru ndizo zilizoiacha desturi hiyo.

Mokambo, Agosti 2024

Mokambo iko katika eneo la Sakania, jimbo la Haut-Katanga. Ng'ambo ni Mufulira, mji wa shaba wa Zambia. Kutoka Mokambo barabara ya kilomita 70 hivi inakatiza ardhi ya Kongo hadi Chembe, na Wazambia huipita kutoka Copperbelt kwenda Luapula. Mpaka huu ulipangwa mwaka 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold II. Wenyeji hawakuulizwa, na hadi leo Kibemba kinasikika pande zote mbili.

Agosti 2024 Kongo ilikuwa imezuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, ili kulinda viwanda vya ndani. Madereva wa Zambia wakalalamika. Waziri wa biashara wa Zambia, Chipoka Mulenga, akatangaza kufungwa kwa mipaka mitatu: Kasumbalesa, Sakania na Mokambo. Baada ya siku chache na mazungumzo, ikafunguliwa tena.

Mlibertari angeuliza: ni nani aliyedhuriwa na chupa ya soda? Mnunuzi aliitaka, muuzaji alikuwa nayo, wote wawili waliridhika. Waliokatazwa ni wao, na waliolipia ugomvi ni wengine kabisa: mwenye lori la shaba, na mama ambaye hauzi bia wala soda, ila anaishi kwa kuvuka kila siku. Swali hili ni la haki. Lakini anayetetea katazo naye ana neno: kiwanda cha Lubumbashi kikifungwa, wafanyakazi wake watakula nini? Mlibertari atajibu kwamba kuwalinda wachache kwa kuwapandishia bei wote si haki. Hapo ndipo mjadala ulipo.

Huduma nne

Amri ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne za serikali zinazoruhusiwa kufanya kazi kwenye mipaka ya Kongo: forodha, ambayo leo ni DGDA, OCC, inayokagua bidhaa, DGM, ya uhamiaji, na huduma ya usafi na afya. Lakini wachuuzi wa mipaka yetu wamezoea kukutana na meza nyingi kuliko hizo. Kila meza inataka kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho si cha mchuuzi.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iko wazi. Kifungu cha 34 kinasema mali ya mtu binafsi ni takatifu. Kifungu cha 174 kinasema kodi haiwekwi ila kwa sheria, na papo hapo kinamdai kila mtu alipe sehemu yake. Kifungu cha 28 kinasema mtu halazimiki kutii amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria. Basi anayedai kitansi mpakani haasi serikali. Anaikumbusha serikali sheria yake yenyewe.

Serikali iliyozidi kipimo

Makanisa ya Kiprotestanti hayahitaji kusoma Hayek ili kujua serikali isiyojua mipaka. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilitambua makanisa matatu tu: Katoliki, Kimbangu, na Kanisa la Kristo lililowaunganisha Waprotestanti. Jumuiya iliyotaka kudumu kisheria ilibidi iingie humo. Mwaka 1972 raia waliamriwa kuacha majina ya Kikristo. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatatwaliwa. Mengi yakaangukia mikononi mwa wakubwa, maduka yakabaki matupu. Kukawa na salongo pia, kazi ya lazima isiyo na malipo. Kwa hiyo kifungu cha 22 cha Katiba ya leo, kinacholinda uhuru wa dhamiri na dini, kwetu si maneno ya mapambo.

Serikali isiyopatikana

Hata hivyo, walibertari wana udhaifu mmoja ambao Mokambo unauonyesha. Wao huogopa serikali iliyo kubwa. Sisi tumeona pia serikali isiyoonekana pale inapohitajika. Watu wetu waliipa utani: kifungu cha 15, maana yake jitegemee mwenyewe. Huo nao ni uhuru wa namna fulani, lakini ni uhuru wa mwenye nguvu. Kipindupindu kilipoenea Zambia mwaka 2023 na 2024, mchuuzi mmoja mmoja hakuweza kukizuia kwa mapatano ya soko. Maji safi na ukaguzi wa afya mpakani vinataka mamlaka.

Tena kifungu cha 15 cha kweli, katika Katiba ya 2006, kinazipa mamlaka za umma jukumu la kukomesha ukatili wa kingono. Mwanamke anayevuka peke yake jioni hahitaji serikali imwache tu. Anahitaji imlinde, na mlinzi asigeuke kuwa mwindaji.

Kipimo cha kushika

Watoza ushuru na askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini (Luka 3), hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kilichowekwa, wasimnyang'anye mtu, na watosheke na mshahara. Neno hilo linamgusa afisa. Linamgusa pia mwajiri wake, kwa sababu afisa asiyelipwa kwa wakati anasukumwa kuila jasho la mchuuzi.

Kwa hiyo, tunaposikia mawazo haya ya uhuru, tuulize mambo matatu. Je, katazo hili linamlinda mtu na madhara, au linamlinda mkubwa na ushindani? Je, malipo haya yana sheria na kitansi? Na serikali ikiondoka hapa, nani atabaki na nguvu: mama mwenye gunia, au mwenye silaha? Mlibertari anatufundisha kuuliza maswali mawili ya kwanza bila woga. La tatu tumelijua kwa maisha yetu, nasi tusiache kuliuliza.