Msumeno Ulioleta Jiwe Jikoni

Katika magofu ya Pompeii, kusini mwa Italia, kaunta za migahawa bado zimesimama kando ya barabara zilezile zilizofunikwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79. Zilijengwa kwa mawe na chokaa, zikachimbiwa mitungi mikubwa ya udongo, na juu yake zikapambwa kwa vipande vya marumaru vya kila rangi na kila umbo. Vingi vya vipande hivyo ni masalio ya kazi nyingine. Muuza chakula wa Pompeii alitaka kaunta ing'aayo, inayofutika kwa kitambaa kimoja, lakini bamba zima la marumaru lilikuwa mali ya matajiri. Aliokota alichoweza, akaunga.

Ughali wa bamba ulitokana na kulikata. Mwandishi Plinio Mzee, aliyekufa katika mlipuko huohuo wa Vesuvius, alieleza kwamba chuma hakikati marumaru, kinachokata ni mchanga. Vibarua walivuta msumeno usio na meno huku na huku, mchanga na maji vikimiminwa chini yake, na punje za mchanga ndizo zilizolitafuna jiwe. Mchanga aliousifu kupita wote ulitoka Ethiopia, jina ambalo watu wa zama zake walizipa nchi zilizo kusini ya Misri. Mchanga mbaya, alionya, huacha mikwaruzo ambayo humchosha fundi wa kung'arisha. Onyo lake lingali na kazi jikoni kwetu, na nitalirudia mbele.

Karne mbili baadaye, huko Hierapolis katika Uturuki ya leo, jeneza la mawe la fundi mmoja lilichongwa picha ya gurudumu la maji likiendesha misumeno miwili ya kukatia mawe. Kwa muda mrefu wanahistoria walidhani mitambo ya namna hiyo ilikuja baadaye sana. Hata hivyo, mto uliendesha msumeno tu. Bado mchanga ndio uliokuwa ukikata, polepole.

Kule Carrara, kwenye milima ya Toscana yalikotoka marumaru ya sanamu ya Daudi ya Michelangelo, kazi ngumu zaidi ilikuwa kuliteremsha jiwe. Vipande vya tani nyingi vilishushwa mlimani juu ya magogo yaliyopakwa sabuni, vikizuiwa kwa kamba nene zilizofungwa kwenye vigingi. Kamba ikikatika, waliokuwa mbele ya jiwe hawakuwa na pa kukimbilia. Reli ya machimbo ilianza mwaka 1876, na bado uteremshaji huo wa kamba uliendelea hadi ndani ya karne ya 20. Anayetazama kaunta nyeupe yenye mishipa ya kijivu na kuona urembo tu, hajaambiwa nusu ya habari yake.

Kwa hiyo isishangaze kwamba jiwe lilichelewa kufika katika jiko la kawaida. Wapishi wa Ulaya walikuwa na kibamba cha marumaru cha kukandia unga, kwa kuwa jiwe hukaa baridi na siagi haiyeyuki. Kwingineko meza ilikuwa ya mbao. Hata kaunta ndefu isiyokatika, kama tunayoijua leo, ilipata umaarufu kupitia jiko la Frankfurt alilolisanifu Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926, naye hakutumia marumaru. Baada ya Vita Kuu ya Pili, majiko ya Marekani na Ulaya yalijaa Formica, karatasi zilizogandishwa kwa resini, iliyobuniwa mwaka 1912 kwa ajili ya kukinga umeme. Ilikuwa nyepesi, ya bei nafuu, yenye rangi za kuchangamsha. Kwa miongo kadhaa ilionekana kwamba jiwe limeshindwa.

Lililoliokoa ni almasi. Almasi zisizofaa pete zilikuwa zikitumiwa viwandani tangu zamani, na sehemu kubwa yake ilitoka Kasai, katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1954 wanasayansi wa General Electric walifaulu kutengeneza almasi kiwandani kwa joto na mgandamizo mkubwa. Tangu hapo kulikuwa na njia ya kupata punje za kukatia bila kuzichimba ardhini. Zikafungwa kwenye visahani vya chuma, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 zikavishwa kwenye waya uliokata milima ya Carrara. Granaiti, ambayo ndani yake mna madini ya kwatzi yanayokwaruza chuma, ikaanza kukatwa kwa kasi ambayo mchanga wa Plinio usingeifikia kamwe. Jimbo la Espírito Santo nchini Brazili likawa kitovu cha mabamba. India ikauza mawe meusi yenye vinyota vya dhahabu, Zimbabwe ikachimba jiwe jeusi la Mutoko. Kuanzia miaka ya 1980 kaunta ya granaiti ikawa alama ya nyumba mpya huko Marekani, na baadaye ikashuka bei hadi kufikia nyumba za watu wa kipato cha kati, za Nairobi na Dar es Salaam zikiwemo.

Wakati huohuo jiwe la kutengenezwa lilikuwa njiani. Kampuni ya Breton, iliyoanzishwa na Marcello Toncelli karibu na Treviso, Italia, mwaka 1963, ilibuni mitambo ya kuchanganya kwatzi iliyosagwa na resini, kisha kuigandamiza kwa mtikisiko ndani ya chumba kisicho na hewa. Wengine wakainunua teknolojia hiyo: Caesarstone ya Israeli mwaka 1987, na Cosentino ya Hispania iliyoingiza Silestone sokoni mwaka 1990. Mabamba yalitoka ya rangi moja, bila vinyweleo, yakifanana hadi la mwisho. Wateja waliyapenda, na sababu zao zilieleweka.

Lakini zaidi ya asilimia 90 ya jiwe hilo ilikuwa silika ya fuwele, yaani kwatzi. Granaiti mara nyingi huwa na chini ya nusu, marumaru safi kidogo sana. Ukilikata kavu kwa grenda, vumbi laini lisiloonekana huingia hadi ndani kabisa ya mapafu, likabaki humo na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa. Nao haukuwa mgeni. Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini wa Italia alikwishaandika juu ya vifua vya wachonga mawe. Katika mji wa Barre, Vermont, Marekani, mashine za kuchonga kwa hewa ziliua wachonga granaiti wengi mwanzoni mwa karne ya 20, mpaka mabanda yao yalipowekewa mitambo ya kufyonza vumbi mwishoni mwa miaka ya 1930. Yaani kinga ilijulikana: maji na hewa safi. Iliachwa nyuma pale karakana ndogondogo zilipofunguliwa kwa haraka kukata jiwe jipya.

Mwaka 2012 madaktari wa Israeli wakiongozwa na Mordechai Kramer walichapisha habari za wagonjwa 25, wote wakata jiwe hilo la kutengenezwa, baadhi yao wakihitaji kupandikizwa mapafu. Hispania, Marekani na Australia zikafuata kwa taarifa kama hizo, wagonjwa wengi wakiwa bado vijana. Tarehe 1 Julai 2024 Australia ikawa nchi ya kwanza kupiga marufuku kutengeneza, kuuza na kufunga mabamba hayo. Naunga mkono uamuzi ule bila kusita. Hakuna rangi ya kaunta inayolingana na pumzi ya kijana wa miaka 30.

Basi anayechagua leo achague akijua. Marumaru ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto la ardhi, na asidi huila. Tone la ndimu, siki au ukwaju likikaa juu yake huacha doa lililofifia ambalo sabuni haiondoi, kwa maana si uchafu, ni jiwe lenyewe limelika. Katika jiko linalopika samaki wa kupaka kila wiki, marumaru itachoka upesi. Granaiti hustahimili ndimu na sufuria ya moto, ila ina vinyweleo vidogo. Mwagia matone ya maji, ngoja dakika kumi: pakigeuka peusi, ipakwe upya dawa ya kuziba jiwe. Doa la mafuta huvutwa kwa uji mzito wa magadi ya kuokea uliofunikwa kwa plastiki usiku kucha. Jiwe la sabuni, ndugu wa lile wanalolichonga mafundi wa Tabaka huko Kisii, halijali asidi wala moto, lakini hukwaruzika kirahisi. Jiwe la kutengenezwa halinyonyi doa kirahisi, ila resini yake huungua, kwa hiyo sufuria ikitoka jikoni iwekewe kitu chini.

Na lile onyo la Plinio: mchanga tunaosugulia masufuria una kwatzi, na kwatzi hukwaruza marumaru papo hapo. Sufuria isisuguliwe juu ya kaunta. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa vinatosha kila siku.

Jambo moja la mwisho la kumuuliza fundi kabla ya kumlipa ni mahali atakapokatia tundu la sinki na la bomba. Bamba likishafungwa halitoi vumbi lenyewe, hatari iko kwenye ukataji. Vipimo vichukuliwe mapema, matundu yote yakatwe karakanani kwa msumeno wenye maji, na fundi avae kinyago cha kuchuja vumbi, si kitambaa cha kujifunga puani. Akikuambia atamalizia kwa grenda kavu palepale jikoni, mwambie akalimalizie karakanani, hata kama kazi itachelewa wiki nzima.