Kwa Nini Hakuna "Jumasita"

Juzi nilikuwa Mchikichini kwa jamaa yangu anayejifunza Python. Kamtengenezea mama mmoja wa mitumba programu ya kuwakumbusha wateja wa mkopo kwa ujumbe wa simu. Ikaenda vizuri, mpaka mteja mmoja akaambiwa deni lake ni la "Jumasita". Akauonyesha ujumbe soko zima, watu wakacheka, naye wiki ile hakulipa. Mama hakucheka.

Kosa lilikuwa kwenye mzunguko. Jamaa kachukua neno "Juma" akaliunga na kila namba kwa zamu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, safi kabisa. Halafu ukuta.

Sasa, kwa nini wazee wa pwani walihesabu mpaka tano wakaacha? Majina mawili ya mwisho ni ya Kiarabu. Ijumaa ni siku ya kukusanyika kwa sala. Alhamisi maana yake ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanzia kuhesabu Jumapili. Ndiyo maana wiki yetu ina "tano" mbili zinazofuatana, na hakuna anayeshtuka!

Usidhani ni uvivu, maana kwenye miezi walifanya vilevile. Baada ya Ramadhani unakuja Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Mfungo Tisa, kisha hesabu inakatika: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Maulidi yanaangukia Mfungo Sita. Kote kuwili namba zinakoma pale siku tukufu inapokaribia. Kwa kalenda ya zamani siku huanza jua likizama, kwa hiyo Alhamisi jioni ni usiku wa Ijumaa tayari.

Mimi naona hivi: ile ya mwisho haikusahauliwa. Ndiyo hesabu ilikoanzia. Jumamosi ni ya kwanza kwa sababu Ijumaa imepita, na Mfungo Mosi ni wa kwanza kwa sababu mfungo umekwisha.

Wareno nao wanahesabu siku, kuanzia "ya pili" (Jumatatu yetu) hadi "ya sita", ila Jumamosi na Jumapili zina majina yake. Waindonesia hawakujisumbua, Jumatatu mpaka Jumamosi wamechukua za Kiarabu moja kwa moja.

Python ina vituko vyake pia. Tangu moduli yake ya tarehe ilipoingia mwaka 2003, Jumatatu ni 0. Yaani tatu yetu ni sifuri yao. Jamaa alitaka kuweka sharti la pembeni kwa zile siku mbili. Nikamwambia aachane na hesabu, aandike majina yote saba kwenye orodha, aanze na Jumatatu.

Yule mteja kalipa wiki iliyofuata, Alhamisi, baada ya Magharibi. Kwa wazee hiyo ni Ijumaa. Mama kapokea hela zake, hakubisha.