Bati, Saruji na Rangi: Usanifu na Mapambo ya Kikanisa cha Mateka wa Kiitalia, Orkney

Katika uhifadhi wa majengo ya kihistoria, thamani ya jengo aghalabu hupimwa kwa umri wake na uimara wa vifaa vyake. Makala hii inakihoji kipimo hicho kwa kuchunguza kikanisa cha Kikatoliki kilichoko Lamb Holm, kisiwa kidogo cha Orkney, kaskazini mwa Uskoti. Hoja yake ni kwamba urithi wa jengo unaweza kukaa katika ufundi uliovigeuza vifaa duni, na kwamba ufundi huo hudumu pale jamii jirani inapokubali kuutunza.

Chimbuko la kikanisa hicho ni vita. Oktoba 1939 nyambizi ya Ujerumani ilipenya Scapa Flow na kuizamisha manowari ya Uingereza, Royal Oak. Mabaharia zaidi ya 800 walifariki. Uingereza iliamua kuziba njia za mashariki za ghuba hiyo kwa kuta za mawe na zege. Kuanzia 1942 mateka wa Kiitalia waliokamatwa Afrika Kaskazini walipelekwa kufanya kazi hiyo, na mamia yao wakawekwa katika Kambi Namba 60, Lamb Holm. Mwaka 1943 mateka hao waliruhusiwa kujenga mahali pa ibada.

Walichopewa ni vibanda viwili vya bati vya kijeshi, vyenye umbo la pipa lililopasuliwa kwa urefu. Waliviunganisha ncha kwa ncha, wakakificha kichwa cha jengo nyuma ya uso wa saruji wenye nguzo, mnara mdogo wa kengele na kichwa cha Kristo kilichofinyangwa kwa udongo mwekundu. Mtu anayelitazama kwa mbele huona kanisa la Kiitalia. Akizunguka ubavuni hukuta bati.

Ndani, kuta za bati zilifunikwa kwa mbao za plasta. Domenico Chiocchetti, mchoraji kutoka Moena, alizipaka rangi kwa mbinu ya kuhadaa macho, hata ukuta bapa ukaonekana kama matofali na mawe yaliyochongwa. Juu ya madhabahu ya saruji alimchora Bikira Maria na Mtoto Yesu, akifuata picha ndogo ya kazi ya Nicolò Barabino aliyopewa na mama yake. Dari ya patakatifu ina alama za Wainjili wanne, na vioo viwili vya madirisha vina michoro ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi na Mtakatifu Katarina wa Siena. Mhunzi Giuseppe Palumbi alifua uzio wa chuma unaotenga patakatifu na sehemu ya waumini. Taa zilitengenezwa kwa makopo ya nyama. Mateka wenzake walipoondoka mwaka 1944, Chiocchetti alibaki kwa muda ili amalize birika la ubatizo.

Kambi ilibomolewa baada ya vita, lakini kikanisa kikaachwa. Mwaka 1958 wenyeji waliunda kamati ya kukihifadhi, na mwaka 1960 Chiocchetti alirudi kutoka Italia kuitengeneza upya michoro yake. Hivyo mkono uliopaka rangi ndio uliorekebisha, na waliolinda kazi ya mateka ni watu wa nchi iliyokuwa imewateka.

Suala hili linaihusu pia Afrika Mashariki. Mwaka 1942 mateka wengine wa Kiitalia, waliokuwa wakijenga barabara ya kuteremka Bonde la Ufa nchini Kenya, walijenga kikanisa kidogo kando ya barabara hiyo, Mai Mahiu. Tofauti na Orkney ya 1960, leo mafundi wa aina hiyo hawawezi tena kuitwa warudi. Ushahidi wa mbinu zao umebaki ukutani. Kupaka rangi mpya au kubadili plasta kwa nia njema kunaweza kuufuta kwa siku moja.

Kwa hiyo, sera za uhifadhi zinapaswa kutaka mambo mawili kabla ya ukarabati wowote: kumbukumbu kamili ya vifaa na mbinu zilizotumika, na kamati ya wenyeji yenye mamlaka na fungu la matunzo ya kila mwaka. Bati hupata kutu na plasta hubanduka. Jengo la namna hii haliwezi kusubiri litimize umri wa kuheshimiwa.