Pasipoti Haikutosha: Wahindi wa Afrika Mashariki Mjini London

Kila jamii ina hadithi inayopenda kujisimulia. Japani ilijieleza kwa muda mrefu kuwa taifa la watu wa asili moja. Waainu wa kaskazini walingoja hadi 2019 ndipo sheria ikawatambua kuwa wenyeji wa asili. London husimulia kinyume: kwamba tangu zamani ni mji unaompokea kila mtu. Anayetaka ushahidi huonyeshwa jengo moja la Brick Lane. Lilijengwa 1743 na Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, likawa sinagogi mwishoni mwa karne ya 19, na tangu 1976 ni msikiti wa Wabengali. Jengo hilo linathibitisha kwamba watu walifika. Halithibitishi kwamba walikaribishwa. Yaliyowapata Wahindi wa Afrika Mashariki kati ya 1968 na 1978 yanaonyesha kuwa nafasi yao mjini humo waliipigania wenyewe.

Kenya ilipopata uhuru 1963, Wahindi wengi walibaki na pasipoti za Uingereza. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 zilipowabana wasio raia, walifungasha kwenda kwenye nchi ambayo pasipoti yao iliitaja. Serikali ya London ikajibu kwa haraka ya ajabu: katika siku chache Bunge lilipitisha sheria iliyoanza kutumika Machi 1968, ikimtaka mwenye pasipoti kama hiyo awe na uhusiano wa kizazi na Uingereza, kwa mfano mzazi au babu aliyezaliwa huko. Mzungu wa Nairobi kwa kawaida alikuwa naye. Mhindi wa Nairobi, kwa kawaida, hakuwa. Aprili mwaka huohuo wapakuzi wa bandari ya London waliandamana hadi Bungeni kumuunga mkono Enoch Powell, aliyekuwa ametoka kuhutubia dhidi ya wahamiaji. Mwaka 1973, katika kesi waliyoifungua Wahindi hao, Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kuwa ubaguzi wa rangi wa sheria ya 1968 ulifikia kiwango cha kuwadhalilisha watu.

Mtu atauliza: je, Uingereza haikuwapokea Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin 1972? Iliwapokea, zaidi ya 27,000, na serikali ya Edward Heath ilistahimili lawama nyingi kwa uamuzi huo. Ila wengi wao walikuwa na pasipoti za Uingereza, kwa hiyo kuwapokea kulikuwa kutimiza wajibu. Tena walihimizwa wasihamie maeneo yaliyosemekana kujaa, na halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwasihi wasiende huko.

Waliofika walikuta kazi za mishahara midogo. Katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, kaskazini-magharibi mwa London, wanawake wa Kihindi kutoka Afrika Mashariki walishughulikia bahasha za filamu zilizotumwa na wateja kwa posta. Walilalamikia muda wa ziada wa lazima na kulazimika kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Agosti 1976 baadhi yao waligoma, wakiongozwa na Jayaben Desai, aliyehamia Uingereza kutoka Tanzania. Miaka miwili nyuma, chama kikubwa cha wafanyakazi kilikuwa kimewanyima msaada Wahindi waliogoma Leicester. Safari hii wafanyakazi wa posta wa Cricklewood walikataa kugusa barua za kampuni, na Julai 1977 maelfu ya watu walijaa langoni, wakiwemo wachimba makaa ya mawe na wapakuzi wa bandari ya London, kundi lilelile lililokuwa limeandamana kwa ajili ya Powell. Mgomo ulishindwa 1978 na wagomaji waliofukuzwa kazi hawakurudishwa. Lakini vyama vya wafanyakazi havingeweza tena kudai kwamba madai ya Wahindi hayavihusu.

Msomaji wa Mombasa au Kampala ana pingamizi lake, na ni zito: Wahindi haohao walikuwa juu ya Waafrika katika ngazi ya kikoloni, na wengine walinufaika sana. Ni kweli, na haifai kufichwa. Hata hivyo ngazi hiyo, yenye mishahara mitatu kwa rangi tatu, ilijengwa na serikali ya Uingereza. Mwenye duka aliyemdharau Mwafrika Nairobi anastahili lawama yake, ila lawama hiyo haimpi aliyeijenga ngazi haki ya kumfungia mlango raia wake.

Leo London hujivunia watu hawa, na hekalu lao la Neasden, lililojengwa kwa michango na kazi za kujitolea za waumini na kufunguliwa 1995, ni fahari ya mji mzima. Fahari hiyo ina haki ya kuwepo, mradi hesabu itolewe kamili. Nafasi yao ilipatikana katika kesi, katika mgomo, na kwa fedha zao wenyewe, mara nyingi sheria ikiwa upande wa pili. Mji unaosahau hilo utawataka wanaofika leo washukuru tu, wakati wana haki ya kudai.