Madai na mabadiliko katika mikataba ya ujenzi

Madai ya ujenzi ni maombi rasmi ambayo upande mmoja wa mkataba wa ujenzi hutoa kwa upande mwingine ili uongezewe muda, ulipwe fedha zaidi, au upate vyote viwili. Maombi hayo lazima yatokane na jambo ambalo mkataba wenyewe au sheria inalitambua. Mabadiliko ya kazi ni maagizo ya kuongeza, kupunguza au kugeuza kazi iliyokubaliwa mwanzoni. Mambo haya mawili huenda pamoja, kwa sababu badiliko lisiloandikwa vizuri mara nyingi huzaa dai, na dai lisiloshughulikiwa mapema huzaa mgogoro.

Makala hii inaeleza utaratibu huo kwa mifano ya wilaya ya Kyela, mkoa wa Mbeya, kwenye pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Huko mvua nyingi, mito inayofurika na mchanga unaojaa bandarini huwapa wajenzi sababu nyingi za kuchelewa. Si kila sababu ya kuchelewa ni haki ya kudai.

Pande za mkataba

Mkataba wa ujenzi huwa na pande mbili. Mwajiri ni mwenye mradi, yaani anayelipa. Mkandarasi ndiye anayejenga. Kwa barabara kuu na za mikoa Tanzania Bara, mwajiri ni Wakala wa Barabara (TANROADS), ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, za vijijini na za mijini zipo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza kazi mwaka 2017. Kwa bandari za Itungi na Kiwira, mwajiri ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA).

Mtu wa tatu ni mhandisi msimamizi. Yeye si upande wa mkataba, bali huajiriwa na mwajiri ili akague kazi, apime kiasi kilichofanyika, athibitishe malipo na kutoa uamuzi wa kwanza juu ya madai. Ingawa analipwa na mwajiri, anapoamua dai anatakiwa kutenda haki kwa pande zote mbili.

Hati za mkataba

Mkataba wa ujenzi si karatasi moja. Kwa kawaida huwa na makubaliano yaliyotiwa saini, barua ya kukubali zabuni, masharti ya jumla, masharti maalumu ya mradi, maelezo ya ubora wa kazi, michoro, na mchanganuo wa kiasi cha kazi na bei ambao mafundi wengi huuita BOQ. Hati zinapopingana, mkataba hutaja ipi inatangulia. Mara nyingi masharti maalumu hushinda masharti ya jumla.

Masharti ya jumla yanayotumika sana duniani ni yale ya Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, linalojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, FIDIC. Shirikisho hilo lilianzishwa mwaka 1913. "Kitabu Chekundu" chake, kinachohusu kazi ambazo usanifu wake umefanywa na mwajiri, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1957. Matoleo yanayokutwa zaidi leo ni ya mwaka 1999 na 2017. Miradi mingi ya Serikali ya Tanzania hutumia hati za mfano za Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA). Msomaji anayeshughulikia mradi fulani hana budi kusoma mkataba wa mradi huo, kwa kuwa siku na viwango hutofautiana.

Mabadiliko ya kazi

Mkandarasi haruhusiwi kubadili kazi kwa hiari yake, hata kama anaona badiliko hilo ni zuri. Akiongeza kalvati ambalo hakuagizwa, anaweza kukosa malipo yake. Vilevile mwajiri hawezi kudai kazi ya ziada bila kuilipia.

Agizo la mabadiliko hutolewa na mhandisi kwa maandishi. Bei yake hutafutwa kwa hatua. Kwanza hutumika bei iliyomo katika mchanganuo, ikiwa kazi ni ya aina ileile. Ikiwa haimo, bei mpya hutengenezwa kwa kulinganisha na kazi inayofanana. Ikikosekana kabisa, hesabu hufanywa kwa gharama halisi ya vifaa, mitambo na vibarua pamoja na faida ya kiasi. Katika miradi ya umma, badiliko linaloongeza gharama lazima pia lipate kibali cha mamlaka husika ndani ya taasisi.

Tatizo kubwa ni maagizo ya mdomo. Mhandisi anafika saiti, anaona maji yamesimama kando ya tuta, anasema, "Wekeni kalvati jingine hapa." Kazi inafanyika siku hiyohiyo. Baada ya miezi sita mhandisi amehamishwa, na hakuna anayekumbuka alichosema. Kitabu Chekundu cha mwaka 1999 kina dawa ya jambo hili: mkandarasi anaandika barua ya kuthibitisha agizo ndani ya siku mbili za kazi. Mhandisi asipolijibu kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi baada ya kuipokea, barua hiyo inahesabiwa kuwa agizo lenyewe.

Notisi ya madai

Dai huanza na notisi. Hii ni barua fupi inayosema kwamba jambo fulani limetokea, lilitokea lini, na kwamba mkandarasi anakusudia kudai muda au fedha kwa sababu hiyo. Haihitaji hesabu kamili. Katika masharti ya FIDIC, notisi hutolewa mapema iwezekanavyo, na isizidi siku 28 tangu mkandarasi alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu tukio hilo. Siku hizo zikipita bila notisi, haki ya kudai hupotea, hata kama tukio lilikuwa la kweli.

Baada ya notisi hufuata dai kamili lenye maelezo, vifungu vya mkataba, hesabu na ushahidi. Toleo la mwaka 1999 linatoa siku 42 kwa kazi hiyo, na toleo la 2017 linatoa siku 84, zikihesabiwa tangu mkandarasi alipojua au alipopaswa kujua kuhusu tukio.

Ushahidi bora ni ule ulioandikwa siku ya tukio: shajara ya saiti, orodha ya vibarua na mitambo iliyokuwapo, picha zenye tarehe, vipimo vya mvua, barua, na kumbukumbu za vikao zilizotiwa saini na pande zote. Maelezo yanayoandikwa mwishoni mwa mradi kwa kukumbuka tu huwa na uzito mdogo.

Mvua na hali ya eneo: mfano wa Kyela

Bonde la Kyela ni tambarare iliyo kati ya milima ya Rungwe, milima ya Livingstone na ziwa. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hulivuka ikielekea Ziwa Nyasa. Eneo hili hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na miezi ya Machi na Aprili huwa ya mvua kubwa kuliko yote. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha mpunga na kakao, na ndiyo inayosimamisha magreda.

Mtu anaweza kudhani kwamba mkandarasi wa Kyela ana haki ya kuongezewa muda kila mvua inaponyesha. Sivyo. Masharti ya FIDIC hutoa nyongeza ya muda kwa hali mbaya ya hewa iliyo ya kipekee tu. Mvua kubwa ya Aprili ni kawaida ya Kyela, na mkandarasi mzoefu alipaswa kuihesabu alipopanga ratiba na bei. Aliyeandaa zabuni kwa kufikiria mvua ya Dodoma hawezi kumlaumu mwajiri.

Ili dai la mvua likubaliwe, mkandarasi hulinganisha mvua ya mwezi husika na takwimu za miaka mingi za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kisha huonyesha kuwa kiasi hicho kimezidi kawaida na kwamba kilisimamisha kazi zinazobeba tarehe ya mwisho ya mradi. Hata akishinda, kwa kawaida hupata muda bila fedha, kwa kuwa mvua si kosa la mwajiri.

Sababu nyingine hupimwa tofauti:

• Mwajiri kuchelewa kukabidhi eneo, kwa mfano kwa sababu wenye migomba na mikakao kando ya barabara hawajalipwa fidia: mkandarasi anaweza kupata muda na gharama.

• Ardhi iliyo tofauti na ile ambayo mkandarasi mzoefu angeweza kuitarajia: muda na gharama. Katika bandari ya Itungi, ambako kujaa kwa mchanga kunajulikana na ni moja ya sababu za kuendelezwa kwa bandari ya Kiwira, mkandarasi hawezi kusema kwamba mchanga wenyewe ulimshtua.

• Malipo kuchelewa: mkandarasi hudai riba, na baada ya notisi anaweza kupunguza kasi au kusimamisha kazi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara nyingi riba ambayo Serikali hudaiwa kwa kuchelewesha malipo ya makandarasi.

• Mitambo ya mkandarasi kuharibika, au mafundi wake kutofika: hapati muda wala fedha.

Mfano wa hesabu

Mfano huu ni wa kubuni. Barabara katika bonde la Kyela ina mkataba wa shilingi 4,000,000,000. Fidia ya ucheleweshaji ni asilimia 0.1 ya bei ya mkataba kwa siku, yaani shilingi 4,000,000. Kazi imechelewa siku 40: siku 10 kwa mvua ya kipekee, siku 15 kwa makalvati yaliyoongezwa na mhandisi, na siku 15 kwa kuharibika kwa greda. Tuseme sababu hizi zilifuatana, hazikutokea kwa wakati mmoja.

Mkandarasi aliyetoa notisi kwa wakati anaongezewa siku 25. Siku 15 zilizobaki ni zake, naye anakatwa shilingi 60,000,000. Kwa makalvati analipwa pia bei yake. Mkandarasi ambaye hakuandika kitu anahesabiwa siku zote 40 na kukatwa shilingi 160,000,000. Tofauti ya shilingi 100,000,000 imetokana na barua mbili. Kwa kampuni ndogo, kiasi hicho kinaweza kumaanisha vibarua kukosa ujira na duka la saruji kutolipwa.

Madai ya mwajiri

Mwajiri naye ana madai yake. Anaweza kukata fidia ya ucheleweshaji, kudai marekebisho ya kazi mbovu katika kipindi cha uangalizi, au kuita dhamana ya utekelezaji iliyotolewa na benki. Naye hufungwa na utaratibu: lazima atoe notisi na kutaja kifungu anachotumia. Kuvunja mkataba bila kufuata hatua zake kunaweza kumgharimu kuliko mradi wenyewe.

Utatuzi wa migogoro

Pande zisiporidhika na uamuzi wa mhandisi, ngazi zinazofuata katika masharti ya FIDIC ni bodi ya migogoro, ambayo hutoa uamuzi ndani ya siku 84. Asiyeridhika hutoa taarifa ndani ya siku 28, la sivyo uamuzi huwa wa mwisho. Kisha pande hujaribu kupatana, na zikishindwa huenda kwenye usuluhishi, ambao tuzo yake hutekelezwa kama hukumu ya mahakama.

Tuzo hiyo ina nguvu hata nje ya nchi. Mwaka 2017 ndege aina ya Bombardier Q400 iliyonunuliwa na Serikali ya Tanzania ilizuiliwa nchini Kanada. Kampuni ya Stirling Civil Engineering ilikuwa ikidai takriban dola milioni 38 za Marekani zilizotokana na tuzo ya usuluhishi juu ya mkataba wa barabara uliovunjwa miaka mingi kabla. Ndege ilifika Dar es Salaam Aprili 2018.

Sheria na taasisi za Tanzania

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ilianza kutumika mwaka 1961. Kifungu cha 73 kinahusu fidia kwa hasara inayotokana na kuvunjwa kwa mkataba. Kifungu cha 74 kinahusu fidia iliyotajwa ndani ya mkataba: kiasi kilichotajwa ni kikomo, na mahakama hutoa kile kinachostahili. Ununuzi wa umma unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, na usuluhishi na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020.

Makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na wahandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bodi zote mbili zilitungiwa sheria zake mwaka 1997. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, hutoa ushauri na mafunzo na husaidia kutatua migogoro ya ujenzi.

Miradi midogo

Madarasa, vyoo vya shule na zahanati nyingi hujengwa kwa utaratibu uitwao fosi akaunti, ambapo kamati ya shule au kijiji hununua vifaa na kuingia mkataba wa ufundi na fundi wa karibu. Mikataba hii huwa ya kurasa chache, lakini kanuni ni zilezile. Kamati ikitaka dirisha lihamishwe au msingi uinuliwe kwa sababu ya maji, iandike agizo na bei, pande zote zitie saini na kila mmoja abaki na nakala. Fundi akisubiri saruji ambayo haijaletwa, aandike tarehe. Daftari la shule lenye tarehe na saini linatosha kuwa mwanzo wa ushahidi.