Kruza Adamastor katika Mlango wa Mto Ruvuma, 1916

Mwezi wa Mei 1916, manowari ya Ureno iitwayo Adamastor ilikuwa mbele ya mlango wa Mto Ruvuma, mpaka wa kaskazini wa pwani ya Cabo Delgado. Ng'ambo ya mto ilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wareno walitaka kuvuka, na waliitegemea mizinga ya meli hiyo iwafungulie njia. Insha hii inaeleza jinsi Adamastor ilivyoundwa na kutumika, kisha inajadili kwa nini haikuweza kazi hiyo.

Meli hii ilizaliwa na fedheha. Mwezi wa Januari 1890 Uingereza iliiamuru Ureno iondoe majeshi yake katika nchi zilizo kati ya Angola na Msumbiji, na Lisbon ikatii. Wananchi waliokasirika walichanga fedha za kununulia manowari. Iliundwa Livorno, Italia, ikashushwa majini mwaka 1896 na kuanza kazi mwaka 1897. Jina lake ni la jitu linalolinda Rasi ya Tufani katika utenzi wa Camões. Ilikuwa kruza ndogo: uzito wa tani 1,700 hivi, urefu wa mita 74 hivi, mizinga miwili mikubwa ya milimita 150 na mingine minne ya milimita 105. Sehemu yake iliyozama majini ilizidi mita 4.

Kazi yake iliyojulikana zaidi haikufanyika vitani ng'ambo bali nyumbani. Tarehe 4 Oktoba 1910 iliungana na waasi kulipiga kwa mizinga kasri la mfalme mjini Lisbon, na kesho yake jamhuri ikatangazwa.

Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Ureno tarehe 9 Machi 1916. Mwezi uliofuata, tarehe 10 Aprili, Wareno waliitwaa Kionga bila mapigano. Kipande hicho cha ardhi kusini mwa Ruvuma kilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu 1894. Ushindi huo rahisi uliwatia moyo wa kuvuka mto. Adamastor, pamoja na boti ya mizinga Chaimite, zilipiga ngome za Wajerumani. Tarehe 27 Mei mabaharia na askari walijaribu kuvuka kwa mashua. Wajerumani waliojificha ukingoni waliwamiminia risasi, wengi wakafa au kujeruhiwa, na wengine wakatekwa.

Sababu moja ilikuwa kina cha maji. Mlango wa Ruvuma umejaa mafungu ya mchanga, na meli iliyoundwa kwa bahari kuu haikuweza kuingia mtoni kuandamana na mashua. Ilipiga kutoka mbali ufukwe uliofunikwa na miti, isiweze kuona nani amebaki hai humo. Waingereza walikuwa wamekutana na tatizo hilohilo katika delta ya Rufiji, alikojificha kruza wa Kijerumani Königsberg. Kruza zao hazikuweza kumfuata, ndipo wakaleta Severn na Mersey, meli zisizozama sana, zilizomwangamiza Julai 1915. Ureno haikuwa na meli za namna hiyo, ingawa funzo la Rufiji lilikuwa limepita miezi kumi tu kabla.

Hata hivyo, si haki kuilaumu meli peke yake. Wanajeshi wa Ureno waliandaliwa vibaya na kudhoofishwa na maradhi. Mwezi wa Septemba 1916 walivuka kwa nguvu kubwa zaidi wakafika Newala, lakini walifukuzwa Novemba. Mwaka mmodi baadaye, Lettow-Vorbeck aliingia Msumbiji kupitia Negomano, mbali sana na bahari, mahali ambapo hakuna kruza angefika. Mzigo mkubwa wa vita hivyo ulibebwa na wapagazi Waafrika waliokusanywa kwa nguvu, na Wamakonde wa kingo zote mbili walijikuta kati ya majeshi yasiyo yao.

Adamastor iliondolewa kazini mwaka 1933. Kionga ilibaki upande wa Msumbiji, lakini kwa uamuzi wa mataifa washindi mwaka 1919. Kwa maoni yangu, manowari hii iliundwa ili kurudisha heshima ya taifa, na kwa kazi hiyo ilifaa. Waliotumwa kwenye mashua tarehe 27 Mei ndio waliolipa gharama ya kuitumia kwa kazi nyingine.